Aliyepokea Simu ya Kliniki

Simu ilinyamaza katikati ya mlio.

Haikunyamaza kama inavyonyamaza mpigaji anapochoka. Kunyamaza kwa kuchoka mpokezi alikujua vizuri, alikuwa akikusikia tangu asubuhi: mlio, mlio, mlio, kisha kimya cha mtu aliyekata tamaa. Mlio huu ulikatwa nusu, kama unavyokatwa mtu anapoinua mkono wa simu na kusema haloo. Mpokezi akageuka. Mkono wa simu ulikuwa umelala mahali pake, chini ya sweta alilokuwa ameifunikia ili makelele yapungue. Ndani ya chumba kile cha mapokezi alikuwamo yeye peke yake, na makabati ya mafaili, na harufu nyepesi ambayo wakati ule hakuijali: maji ya waridi yaliyochacha, na juu yake kitambaa kilichoungua kwa pasi.

"Binti, mimi bado nipo hapa," alisema mzee aliyesimama dirishani. "Au nimekuwa kioo?"

Walimwita Mzee Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, na tumbo lilimsumbua tangu mvua za mwaka jana.

"Mzee wangu, nimeshakwambia. Miadi siku hizi ni kwa simu tu. Rudi nyumbani upige."

"Nimepiga. Jana nimepiga, juzi nimepiga. Hivi simu yenu ina mchumba? Kila nikipiga inaongea na mtu mwingine. Isipoongea, inalia tu kama mtoto wa kambo."

Foleni nzima ikacheka.

"Ndiyo utaratibu, mzee."

"Sasa mimi nipo hapa, wewe upo hapa, na kitabu cha miadi kipo chini ya kiwiko chako. Niandike."

"Siruhusiwi."

"Haya. Ngoja nipige."

Mzee akatoa kisimu chake chenye vitufe vilivyofutika namba, akakisogeza mbali na macho, akabonyeza polepole. Nyuma ya mpokezi, chini ya sweta, simu ikaanza kulia. Wakatazamana, yeye na mzee, kila mmoja upande wake wa dirisha, na simu ikilia kati yao. Mpokezi hakuigusa. Sheria ilikuwa imebandikwa ukutani mbele ya pua yake: aliyeko dirishani kwanza, simu baadaye. Na dirishani hapakuwahi kukosa mtu.

Mlio ukakatika nusu.

"Haloo?" alisema Mzee Redio.

Uso wake ukafunguka. Alikuwa akimwangalia mpokezi, naye mpokezi mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza.

"Ndiyo, ni mimi... Tumbo, mwanangu, hapa chini ya mbavu... Sasa hivi? Mungu akubariki." Akakifunga kisimu. "Umeona? Kumbe wapo vijana wenye adabu humu. Kaniambia niende chumba cha mwisho."

"Chumba cha mwisho hakina mtu, mzee. Kimefungwa."

"Kwako wewe kila kitu kimefungwa," alijibu mzee, akaondoka na fimbo yake kuelekea kwenye korido. Watu wakasukumana kuziba nafasi yake, mama mmoja akaweka mtoto mwenye homa juu ya kizingiti cha dirisha, na mpokezi hakupata nafasi ya kumfuata. Alichosikia ni sauti tu kutoka mwisho wa korido: ko, ko, ko, kama mtu mwenye visigino vigumu anakuja kupokea mgeni.

* * *

Utaratibu ulikuwa mpya. Zamani wagonjwa walijipanga barazani tangu giza halijatoka, na wazee walizirai kwenye foleni. Ndipo mkuu wa kliniki alipobandika tangazo: miadi yote kwa simu. Wafanyakazi walimpa jina la Utaratibu, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni, hata akila. Wazee wengi hawakuliona tangazo. Walioliona hawakuweza kulisoma, na waliolisoma walipiga simu isiyopokelewa. Basi wakarudi dirishani. Dirishani wakaambiwa wapige simu. Na simu haikupokelewa, kwa sababu mpokezi alikuwa dirishani akiwaambia watu wapige simu.

Mpokezi alikuwa mmoja. Aliomba mwenzake wa pili, akaambiwa asubiri.

Na mama yake mzazi alikuwa miongoni mwa wanaosubiri. Alikuwa na sukari, na kidonda kwenye unyayo kilichoanza kama mkwaruzo, kikawa shimo. Usiku aliuma kona ya shuka ili binti yake asisikie. Lakini mfanyakazi hakuruhusiwa kumpenyeza ndugu. Mpokezi aliyemtangulia alifukuzwa kwa kosa hilo hilo. Hospitali kubwa nayo haikumpokea mtu bila barua ya kliniki.

"Mama, piga simu kama wengine," alimwambia. "Utapata tu."

Mama alipiga.

* * *

Baada ya hapo kliniki ilianza kutulia, na utulivu wenyewe ndio uliotisha.

Wazee hawakugombana tena. Walikuja mmoja mmoja, wakapita dirishani bila salamu, wakafuata korido hadi mwisho, wakatoka wamenyooka. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyesema "aa" akikaa wala "yallah" akiinuka. Mzee Redio alirudi mara ya pili, na mpokezi alimchokoza makusudi, kwa sababu alikuwa amezikosa kelele zake.

"Mzee wangu, leo redio haina betri?"

Mzee alimwangalia. Macho yake yalikuwa makavu, hayapepesi. "Siumwi," alisema, akaendelea na njia yake.

Utaratibu alifurahi. Sanduku la malalamiko, ambalo zamani lilijaa mpaka likatapika, likawa tupu. "Mnaona?" aliwaambia wafanyakazi. "Watu wanalalamika mwanzoni tu. Ukiwa na subira, wanazoea."

Mzee Redio alirudi mara ya tatu. Siku iliyofuata nesi aliingia mapokezi akafunga mlango, akanong'ona.

"Yule mzee wa cherehani amekufa."

"Amekufa? Si alisema haumwi?"

"Ndiyo balaa lenyewe. Mkewe anasema amemkuta amekaa kitini anatabasamu. Tumbo limepasuka kwa ndani, dada, limepasuka siku nyingi. Maumivu yale farasi angelia. Yeye hata ah hakusema." Nesi akasogea karibu zaidi. "Na jana, kabla hajaja, alimuuliza mkewe kama anakumbuka jina la marehemu mama yake yeye mzee, ili alitamke sawasawa. Alisema daktari wa chumba cha mwisho analihitaji."

Nyuma yao simu ikaanza kulia, na katikati ya mlio ikakatika. Harufu ya waridi iliyochacha ikatanda chumbani kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa.

"Umesikia?" aliuliza nesi.

"Kila siku nasikia," alisema mpokezi.

* * *

Jioni ile alimkuta mama yake amekaa kitandani, mgongo umenyooka, miguu chini. Akachota maji ya uvuguvugu, akapiga magoti, akafungua kitambaa. Alizoea mama kushika ukingo wa kitanda na kuvuta pumzi kwa meno. Leo hakushika kitu.

Vidole viwili vya mguu vilikuwa vyeusi kama mkaa. Mpokezi akabonyeza pembeni ya kidonda. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

"Mama. Hapa hapaumi?"

"Hakiniumi tena. Nimeonwa."

"Na nani?"

"Na daktari wenu. Wa chumba cha mwisho. Nimepita dirishani kwako mara mbili leo, hukuinua kichwa."

Mpokezi alikaa chini kwenye maji yaliyomwagika. "Nani kakwambia uende huko?"

"Nilipiga simu," alisema mama. Sauti yake ilikuwa bapa, kama inayosomwa. Kisha, kwa kitambo kidogo, ikawa yake mwenyewe. "Nilikupigia wewe, mwanangu. Nilijua upo pale. Nikajiambia, huyu ni mwanangu, atahisi tu kwamba ni mimi. Nikapiga mpaka kidole kikafa ganzi. Akapokea yeye."

"Mama..."

"Akaniuliza naumwa wapi. Nikamweleza, akanyamaza mpaka nikamaliza. Unakumbuka mara ya mwisho mtu alinyamaza mpaka nikamaliza?"

Binti alifunga kidonda, na mama akatazama ukuta bila kupepesa.

"Kesho ni mara ya tatu," alisema mama. "Amesema niende na jina la mama yangu."

"Hutaenda."

"Niende wapi basi? Kwako?"

* * *

Asubuhi alifika kazini kabla ya kila mtu. Alifungua kitabu cha miadi, akaandika jina la mama yake mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa. Utaratibu alipopita kukagua, aliona jina, akaona ukoo, akatoa kalamu mfukoni akalifuta.

"Unataka nikufukuze kama mwenzako?"

"Mkuu, mama yangu mguu unaoza. Na kuna kitu kwenye chumba cha mwisho. Wazee wanaingia humo."

"Kile chumba cha picha za eksirei? Mashine yenyewe iliondolewa miaka iliyopita. Ufunguo ninao mimi." Akautikisa. "Twende nikutoe ushamba."

Kilikuwa chumba kidogo, dirisha lake limepakwa rangi nyeusi. Hapakuwa na kitu ila viti viwili vinavyotazamana na vumbi jingi sakafuni. Juu ya vumbi palikuwa na nyayo za viatu vya wazee, za kuingia. Na kuzizunguka nyayo hizo palikuwa na alama nyingine, za duara, zilizopasuka katikati.

Utaratibu alifuta moja kwa ncha ya kiatu. "Mbuzi," alisema mwishowe. "Nitamwambia mlinzi."

"Mbuzi kaingiaje kwenye mlango wa kufuli?"

"Nimesema mbuzi!" Akafunga mlango haraka, na ufunguo ukamgongagonga kwenye kufuli mara kadhaa kabla ya kuingia.

Mpokezi alirudi dirishani huku machozi ya hasira yakimchoma. Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa bibi mfupi, mnene, aliyejifunga kanga mbili na kushika fimbo. Mji mzima ulimjua kwa jina la Bibi Ubani. Wenye pepo walipelekwa kwake, na wasio na pepo walimpisha njia.

"Nimekuja kupima presha," alisema bibi. "Na usinitajie simu, nitakuchapa."

"Bibi, utaratibu—"

"Simu yenyewe nimeshapiga." Bibi akainua pua, akanusa hewa ya dirishani kama mpishi anayeonja mchuzi wa mwenzake. "Juzi. Sauti tamu, ina adabu kuliko wajukuu zangu wote. Ikaniuliza jina la mama yangu. Nikaiambia, taja la wako kwanza. Ikakata. Mna jini humu, mjukuu wangu, na limeshiba."

Mpokezi akamfungulia mlango wa mapokezi. Hakujali nani anaona. Akamweleza yote kwa kunong'ona, haraka haraka, na bibi akasikiliza akiwa ameegemea kabati la mafaili.

"Mlango unaobishwa sana bila kufunguliwa, siku moja hufunguliwa na asiye mwenye nyumba," alisema Bibi Ubani. "Nyinyi mmeiacha simu ikilia. Watu wanaita, wanaita, hakuna wa kuitika. Basi likaitika lenyewe. Linakula maumivu. Mara ya kwanza linalamba, mara ya pili linameza. Mara ya tatu linapewa jina la mama, na mtu akilikabidhi jini jina la tumbo alilotoka, hana tena pa kurudi."

"Lifukuze, bibi. Nakuomba."

"Kwa ubani? Ubani ni kwa majini ya nyumbani. Hili mmelikaribisha kikazi, lina ofisi." Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Jini hufungwa na neno lake. Binadamu huahidi akasahau, jini hawezi. Likisema litafanya jambo, litalifanya mpaka yule liliyemwahidi alifungue, na muda huo wote haliwezi kula. Sasa kalamu ni yako. Lina haja gani ambayo wewe unaweza kuikawiza?"

"Sijui."

"Basi fikiri. Mimi nafukuza majini tangu hujazaliwa, na presha yangu hakuna wa kuifukuza. Kazi hii siifanyi bure, nitapimwa leo leo."

Hapo ndipo mvua ilipoanza, mvua nzito ya kupiga bati, na umeme ukakatika. Foleni iliyokuwa nje ikakimbilia ndani. Kati ya watu wale waliolowa, mpokezi aliona mgongo ulionyooka, kitambaa cha kichwa anachokijua, na mguu wenye bandeji ukikanyaga madimbwi bila kuchechemea.

"Mama!"

Mama hakugeuka.

Mpokezi akaruka meza, akasukuma watu, akaingia kwenye korido iliyokuwa giza saa nne ya asubuhi kama pango, na mbele yake mama akaenda bila haraka, na kadiri binti alivyokimbia ndivyo korido ilivyozidi kurefuka, milango ya vyumba ikipita pande zote mbili, mlango wa sindano, mlango wa dawa, mlango wa mizani, halafu milango asiyoijua, na harufu ya waridi ikawa nzito mpaka akahisi anaimeza, na kutoka mwisho kabisa zikaja zile hatua, ko, ko, ko, bila haraka nazo, hatua za mwenye nyumba anayekuja kumpokea mgeni aliyemngoja kwa hamu, na mlango uliokuwa umefungwa kwa kufuli na ufunguo wa mkuu ukafunguka kwa upole, mama akainamisha kichwa kama mtu anayeingia mahali pa heshima, na mlango ukajifunga kwenye uso wa binti yake.

Alipiga kwa ngumi. Alipiga kwa bega. Ndani alisikia mazungumzo ya chini, ya kistaarabu, ya watu wawili waliokaa vitini. Sauti moja iliuliza jambo. Mama alijibu kwa kusitasita. Sauti ikauliza tena.

Kisha, mbali nyuma yake, simu ya mapokezi ikalia.

Ikalia mara moja, mara mbili, mara tatu. Haikukatika nusu.

"Mjukuu!" alipaza Bibi Ubani. "Hii ni yako! Njoo upokee!"

Korido ya kurudia ilikuwa fupi kama siku zote. Mpokezi akalitupa sweta chini, akainua mkono wa simu. Ulikuwa wa moto.

"Haloo," alisema.

"Habari za kazi," ilisema sauti. Ilikuwa tamu kweli, sauti ya mtu mwenye muda. "Samahani kwa usumbufu. Nina mgonjwa wako hapa, mama mtu mzima. Nimemuuliza jina la mama yake, hakumbuki. Anasema alimwita Mama tu, maisha yote. Tusaidie, tafadhali. Tumebakiza hilo."

Mpokezi akamwangalia Bibi Ubani. Alilijua lile jina. Alilisikia likisomwa makaburini alipokuwa mtoto, na sasa lilimjia ulimini lenyewe, likataka kutoka, kwa sababu sauti ile iliuliza vizuri sana. Akauma ulimi mpaka akaonja damu. Limekula mno, alifikiri. Limekula mpaka jina lenyewe.

Na hapo, katikati ya woga, ikamjia hasira. Hasira ya siku zote, ya sheria ukutani, ya jina lililofutwa kwa kalamu, ya mama aliyepiga simu mpaka kidole kikafa ganzi. Hasira hiyo ilimfungua mdomo, na maneno yaliyotoka alikuwa amekwisha kuyasema dirishani mara nyingi kuliko jina lake.

"Jina lipo kwenye faili," alisema. "Faili lipo ndani. Subiri kidogo nikalitafute."

"Si unalijua wewe mwenyewe?"

"Hatutoi majina kwa kichwa. Ndiyo utaratibu. Utasubiri?"

Simu ilivuta pumzi. Mvua ilipiga bati. Bibi Ubani alikuwa amefumba macho, vidole vyake vimeikamata fimbo kama kamba ya kisima.

"Nitasubiri," ilisema sauti.

Mpokezi akaulaza mkono wa simu juu ya meza, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Bibi Ubani alifumbua macho. Alimtazama, akautazama mkono wa simu, kisha akaanza kutikisika kwa kicheko cha kimya. "Miaka yote nimetafuta kafara, nimechoma mizizi," alinong'ona, "kumbe nyinyi mna uchawi mkubwa kuliko wangu. Kumwambia mtu asubiri, na msirudi."

Na kutoka mwisho wa korido kukatoka ukelele.

Ulikuwa ukelele wa mtu anayeungua, mrefu, wa tumboni, uliosimamisha kila aliyekuwa ndani. Mpokezi alijua ni wa nani. Alikimbia huku analia na kucheka kwa pamoja, akamkuta mama yake sakafuni mlangoni, ameshika mguu kwa mikono yote miwili, uso umelowa machozi, anapepesa macho, anapepesa, anapepesa.

"Mwanangu, unaniuma! Mguu unaniuma! Yallah, nisaidie, unaniuma!"

"Wapi, mama?" Akamkumbatia. "Niambie. Niambie yote mpaka umalize."

Wazee wengine, waliokuwa wameketi kwenye mabenchi kimya kama mafaili, wakaanza nao. Mmoja alishika kiuno. Mwingine akasema "aa." Punde kliniki nzima ikawa inaugua, inakohoa, inalaumu, inataka kujua daktari yuko wapi.

Utaratibu alitoka ofisini mbio. "Kelele gani hizi? Na nani kaacha simu wazi? Watu wanapiga!" Akanyoosha mkono kuirudisha mahali pake. Fimbo ya Bibi Ubani ilimshukia kwenye vifundo vya vidole.

"Isikilize kwanza," alisema bibi. "Usiseme kitu. Sikiliza tu."

Mkuu aliinamisha sikio. Humo kitu kilikuwa kikivuta pumzi, kikisubiri. Alipoinuka, midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu, na neno lake la siku zote halikumtoka. Alikwenda kuchukua ufunguo wa gari lake, akampeleka mama wa mpokezi hospitali kubwa mwenyewe, na barua ya kliniki akaiandikia gotini, langoni.

* * *

Mguu ulikatwa chini ya goti. Mama aliishi.

Mambo kliniki yalibadilika, na mabadiliko hayo hayakuletwa na wema, yaliletwa na hofu. Akaajiriwa mpokezi wa pili, kazi yake simu tu, simu mpya yenye namba mpya, na aliipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Mzee aliyefika dirishani kwa miguu yake aliandikwa hapo hapo. Asiyeweza kufika, wao ndio waliompigia. Presha ya Bibi Ubani ilipimwa, ikakutwa juu, akaambiwa apunguze chumvi na hasira. Alisema chumvi atajaribu.

Simu ya zamani ilibaki pembeni ya meza, mkono wake umelala wazi juu ya kitambaa. Hakuna aliyethubutu kuurudisha. Wiki za mwanzo ilisema kwa adabu, kila baada ya kitambo: "Nipo. Nasubiri." Kisha adabu ikaanza kupungua. Ikawa inashusha pumzi. Ikawa inauliza kama faili limepatikana, na kwa nini hakuna anayejibu, na kama huku kuna watu au hakuna.

Kisha ikajifunza sauti za wengine.

Siku moja mama alikuja kusafishwa kidonda. Mabenchi yalikuwa yamejaa, basi binti akamketisha mapokezi, magongo akayaegemeza kabatini. Mpokezi wa pili alikuwa akiongea na mtu kwenye simu mpya. Mvua ilikuwa imekatika. Na kutoka kwenye kitambaa, ndogo, iliyochoka, ikatoka sauti:

"Mwanangu. Ni mimi. Mguu unaniuma. Nimekupigia tangu asubuhi, mbona hupokei?"

Ilikuwa sauti ya mama yake. Ilikuwa na ule mkwaruzo wa kifuani, na pale mwishoni ilipandia kwenye machozi, sawasawa. Mpokezi alijua mama amekaa hapa, mkono mmoja mbali naye, na bado vidole vyake viliondoka mezani vyenyewe vikaelekea kwenye simu, kwa kuwa safari hii alitaka kupokea.

Mama akavikamata njiani. Akauchukua mkono wa simu yeye, akauweka sikioni. Alisikiliza sauti yake mwenyewe ikiomba, ikilia, ikitaja kidonda, ikitaja usiku, ikitaja shuka la kuuma. Hakuikatisha. Alinyamaza mpaka ikamaliza.

"Nimekusikia," alisema. "Subiri."

Akaulaza juu ya kitambaa, akajifuta sikio kwa upindo wa kanga.

"Ita mtu, mwanangu," alisema. "Watu wamesimama."